Mvua Iliyonyesha Ndani ya Waya

Baba yangu mpendwa,

Barua hii haina posta ya kuifikisha uliko, ndiyo maana naiacha wazi. Waisome majirani zetu wa Ganako. Waisome na wale waliokuwa wakisema dukani Karatu kwamba mzee mpima mvua alikuwa akijitungia namba. Uliondoka jina lako likiwa na doa, na mkono uliolitia doa ni huu unaoandika. Kwa hiyo nitakwenda polepole, kama ulivyonifundisha kusoma ile chupa ya kupimia: jicho liwe sawa na maji, usiangalie kwa juu.

Nakumbuka njia ya kupandia kwenye kituo cha kupimia mvua, pale mashamba ya Ganako yanapoishia na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Ulikuwa unatoka nyumbani saa mbili, fimbo mkononi kwa ajili ya nyati, daftari ndani ya koti. Ilikuwa lazima uwe umefika saa tatu kamili, maana mvua ya leo, ulisema, huhesabiwa kutoka saa tatu ya jana. Getini ulimkuta Lekishon, mlinzi aliyetoka Piyaya, amejifunga shuka lake mpaka masikioni kwa ajili ya ukungu. Kila siku alikuuliza swali lile lile: "Mpima mvua, leo umetuletea ngapi?" Na wewe ulimjibu, "Mimi nahesabu tu. Kuomba iletwe ni kazi yako, ng'ombe ni wako." Mlicheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Uliponichukua siku za likizo nilikuona ukitoa mtungi wa shaba uliokuwa chini ya mdomo wa bati, ukimimina maji kwenye chupa, ukipiga goti kwenye majani yaliyolowa. Uliandika kwa penseli, kwa sababu wino unatoka ukungu ukiingia. Tarehe, milimita, maelezo. Kwenye maelezo uliweka mambo mafupi: "Ukungu mzito." "Tembo wameangusha uzio." Siku kipimo kikiwa sufuri uliandika sufuri kamili, mviringo uliofungwa vizuri. Lakini kulikuwa na siku ambazo hukuandika kitu.

Nafasi zile wazi nilizielewa mwaka ulipolala na malaria siku sita. Mama alikuambia utume mtu amuulize Lekishon kama kulinyesha, uandike makadirio, nani atajua. Ulikuwa unatetemeka chini ya mablanketi mawili, ukasema, "Kama sikuona, paache wazi." Ofisi iliyokuajiri ilikukaripia kwa siku zile sita. Ulizipokea lawama zao, na nafasi ukaiacha wazi.

Nilijua hilo, Baba. Nataka msomaji alishike mapema: nilijua hilo kabla ya yote yaliyofuata.

Darasa la saba nilimaliza, sekondari sikuchaguliwa. Mwaka huo huo redio yako ilikufa. Uliniruhusu niifungue, na mama akasema sasa tumepoteza redio na binti kwa pamoja. Siku ya tatu ikaimba. Uliichukua ukaiweka juu ya kabati, ukasogeza kiti, ukasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, kisha ukaniambia, "Kesho nenda Karatu, yule fundi kaulize kama anahitaji mtu." Nilikaa miaka mitatu nyuma ya pazia la duka lake, kwa sababu wateja hawakutaka kuona mkono wa msichana ndani ya redio zao. Mwaka wa nne walianza kuuliza, "Yule binti yupo?" Hakuna aliyenipeleka chuo. Nilichojua nilikijua kwa kuungua vidole.

Ndipo ulipokuja ule mradi, katikati ya miaka hii ya themanini. Watafiti walitaka kujua maji ya msitu yanayofika kwenye vijito vya Karatu ni kiasi gani. Walikuja na kompyuta, iliyoingia nchini kwa kibali, ndani ya sanduku lililojazwa sponji. Watu walipanda mpaka getini kuiona, wakaambulia kuona sanduku. Mtaalamu aliyetakiwa kuiunganisha hakufika, na mkuu wa mradi, tuliyemwita Daktari, akashuka mjini kutafuta mtu anayejua kulehemu. Akaonyeshwa pazia letu.

Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyokueleza wewe siku ile. Nje, uwanjani, kuna vihisi. Kimoja kinahisi joto la udongo, kingine kimo cha maji kijitoni, kingine mvua. Cha mvua kilikuwa na vijiko viwili vinavyobembea. Kijiko kikijaa kinainama, kinamwaga, na kila kinapoinama kinagusisha swichi ndogo. Mguso mmoja ni milimita sufuri nukta mbili. Mguso huo unasafiri ndani ya waya, kwangu ulikuwa waya wa mita mia na themanini, hadi kwenye kisanduku kilichokuwa kibandani. Kisanduku kinahesabu miguso usiku na mchana kwa betri, na jenereta ya kituo ikiwashwa mchana, kompyuta inaandika, karatasi inatoka. Nilichimba mtaro wa kulaza waya kwa jembe la mama. Nililehemu viungo ishirini na nane, na hakuna hata kimoja kilicholegea. Daktari alivivuta kimoja kimoja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaniajiri nibaki kuitunza mitambo.

Wewe ulikuja ukatazama. Ulifuata mtaro wote kwa miguu, toka kibandani hadi uwanjani, mikono nyuma. Ukauliza swali moja tu: "Na huu waya, mvua ikiunyeshea?"

Nikacheka. Nikakuambia una gamba la plastiki, Baba, na ndani yake una wavu wa shaba unaoulinda. Ukaitikia, "Haya, Mama." Ndivyo ulivyoniita tangu nizaliwe, kwa kuwa nilibeba jina la mama yako.

Miezi ya kiangazi mlikubaliana, wewe na mashine. Sufuri yako, sufuri yake. Mvua zilipoanza mkaachana. Siku moja uliandika 18.4, mashine ikaandika 25.8. Tofauti ni 7.4, yaani vijiko thelathini na saba. Mwisho wa mwezi wewe ulikuwa na 142.6 na mashine 201.4. Na kulikuwa na siku nne mbaya zaidi, siku ambazo mashine iliona mvua na wewe uliandika ule mviringo wako uliofungwa vizuri.

Daktari alituita kibandani asubuhi, wewe na mimi. Alikuwa anaongea Kiswahili cha darasani, pole pole, na hakuwa na hasira. Aliweka karatasi yake na daftari lako ubavu kwa ubavu. Akasema mzee umri umekwenda, njia ni ndefu, na mvua ikiwa kubwa mtu anaweza kubaki nyumbani akakisia. Akasema siku zile nne hukufika kabisa. Ukamwambia moja ya siku hizo mke wako alianika maharage tangu asubuhi hadi jioni na hayakuloa. Akasema msitu una mvua yake na kijiji kina yake, jambo ambalo ni kweli, wewe mwenyewe ulinifundisha.

Ndipo ukanigeukia. "Na wewe, fundi, unaonaje?"

Hukuwa umewahi kuniita fundi. Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka, na likaja siku hiyo. Ningeweza kusema, fungua daftari nyuma, angalia nafasi zilizo wazi, mtu anayekisia haachi nafasi wazi. Ilikuwa sentensi moja. Lakini waya ulikuwa wangu, viungo ishirini na nane vyangu, na mbele ya Daktari nilikuwa msichana wa darasa la saba anayelindwa na kazi yake tu.

Nikasema, "Mashine haina sababu ya kudanganya, Baba."

Kisha ukasema, "Haya. Kumbe mwenye sababu ni mimi."

Ulitoka ukaenda uwanjani, kwa sababu saa tatu ilikuwa imefika. Ulipima kama kawaida. Uliosha chupa, ukaifuta kwa kitambaa, ukaja ukaiweka mezani mbele ya Daktari pamoja na daftari. Nilikuja kusoma baadaye ulichoandika kwenye maelezo ya siku ile: "Nimekabidhi. Chupa ni nzima, haina ufa."

Kijiji hakikukuhurumia. Kule Karatu walisema kompyuta ya binti imemfukuza baba kazi, wakacheka, na wengine walinisifia mimi kwa utani ule ule. Watu waliozoea kukuita Aako, kama tunavyomwita mzee wa heshima, walianza kuongeza kitu nyuma yake. Ukisema mawingu yale yataleta mvua, mtu anauliza, "Aako, ni mvua ya kweli au ya daftarini?" Nilikuwepo mara moja alipouliza hivyo jirani yetu. Ulitabasamu. Mimi nilijifanya natafuta kitu ndani ya mfuko.

Na kwangu hukubadilika, jambo lililonitesa zaidi. Nilikuja nyumbani kila mwisho wa wiki, ukaitikia salamu, ukauliza kazi inaendaje, kama joto la udongo limeshuka. Nilingoja ukasirike ili nami nipate pa kukasirikia. Uliweka kopo la bati juu ya kigingi uani, likawa kituo chako. Ulinunua daftari jingine. Lakini neno "Mama" hukunitamkia tena. Ulisema "wewe". "Wewe umefika." "Wewe umekula?"

Kifua kilikuchukua baada ya masika mawili. Siku tano za mwisho kwenye daftari la uani ni nafasi wazi.

Sasa nikueleze nilivyojua.

Kanisani kwetu walinunua amplifaya ya kwaya, wakaniita niunge kipaza sauti. Niliunga vizuri. Kila jioni ya mazoezi ilikuwa kimya kabisa, isipokuwa Jumamosi. Jumamosi ilinguruma kama lori mlimani, wanakwaya wakaziba masikio. Nilibadilisha waya, nilibadilisha kipaza sauti, bado ikanguruma. Mwalimu wa kwaya akasema labda Jumamosi shetani hana kazi nyingine. Wiki ya tatu nikakuta akina mama ndiyo kwanza wanamaliza kupiga deki. Sakafu ya saruji ilikuwa imelowa, na nguzo ya chuma ya kipaza sauti imesimama ndani ya maji. Wavu wa waya niliuunga na chuma kile upande mmoja, na upande wa pili niliuunga na waya wa ardhi wa amplifaya. Sakafu ikiwa kavu, ncha hizo mbili hazijuani. Ikilowa, sakafu yenyewe inakuwa waya wa pili, umeme wa jenereta unapata duara la kuzunguka, na unapita mule mule inamopita sauti. Nilikata upande mmoja. Mngurumo ukafa.

Walipiga makofi. Mimi nilikaa chini kwenye benchi.

Kwa sababu ndivyo nilivyofanya msituni, Baba. Fundi redio anafundishwa, na mimi nilijifundisha, kwamba wavu unaunganishwa na bodi ya chuma ya redio kila unapopata nafasi, ukiunga zaidi redio inatulia zaidi. Ndani ya redio ya sentimita thelathini ni kweli. Mimi nikaibeba desturi ile nikailaza kwenye mtaro wa mita mia na themanini. Nilipigilia nondo ya ardhi uwanjani na nondo nyingine kibandani, nikaunga wavu kote kuwili, na nikajiona nimefanya kazi ya ziada. Kiangazi udongo ulikuwa mkavu, waya ukawa kimya. Mvua ikaja, udongo ukalowa, na kila jenereta ilipowashwa ule umeme ulizunguka toka nondo hadi nondo. Kisanduku kiliuhesabu kama miguso. Swali lako nililichekea. Mvua ilipounyeshea waya, waya ulianza kunyesha.

Jumatatu yake nilipanda kituoni. Ilikuwa kiangazi, mbingu haina hata kipande kimoja cha wingu. Niliwasha jenereta, nikachota madebe mawili ya maji kijitoni, nikayamwaga, moja kwenye kila nondo. Lekishon alisimama nyuma yangu mbele ya kompyuta. Kwanza sufuri. Kisha moja. Kisha tatu. Kwa nusu saa ilihesabu vijiko kumi na vinne, milimita 2.8, na nje jua linawaka.

Lekishon alisema, "Kumbe hata mimi naweza kuleta mvua. Nilipungukiwa debe tu."

Hakucheka, na mimi sikucheka. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Mzee alikuwa anafika kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa namfungulia geti. Hakuna aliyeniuliza."

Nilikuwa napita kwenye geti lile asubuhi na jioni. Nilimsalimia mara ngapi? Hata mimi sikumuuliza.

Nilikata waya wa nondo ya uwanjani, nikamwaga debe jingine. Sufuri. Nikangoja saa nzima. Sufuri.

Kisha nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Nilizitoa kabatini karatasi za mwaka ule, zile ambazo zinaonyesha kila mguso na saa yake. Wakati ule nilitazama jumla tu, kwa sababu jumla ilinipa ushindi. Siku zile nne ambazo eti hukufika, mashine iliandika milimita 5.2 kwa pamoja, vijiko ishirini na sita. Vyote ishirini na sita vimeangukia kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, jenereta ikiwaka. Nje ya saa hizo hakuna hata kimoja. Mvua gani, Baba, inasubiri jenereta iwashwe?

Nilimpelekea Daktari karatasi zote na nikamwaga maji mbele yake kwa mara ya pili. Alikuwa mtu wa sayansi, alielewa kabla debe halijaisha. Alishukuru. Siku ile ile akaamuru namba za mashine za misimu yote ile zitolewe, na wiki ile ile kipimo cha mkono kikarudishwa uwanjani, mtungi ule ule wa shaba na chupa ile ile, ili mashine iwe na wa kuisahihisha. Nikamuuliza kuhusu ile sentensi. Kwenye ripoti iliyokwisha chapishwa ipo sentensi inayosema mpimaji wa awali hakuaminika. Akasema ripoti imekwisha sambazwa, na kwa kuwa sentensi ile haibadilishi matokeo, haina haja ya kusumbua watu.

Haibadilishi matokeo. Namba zilizoharibiwa na waya zilisafishwa kwa siku moja. Mtu aliyeharibiwa na waya ule ule hakupata nafasi ya mstari mmoja. Nilimwambia hivyo, na sauti yangu haikuwa ya mfanyakazi kwa mkuu wake. Alitazama dirishani. Nadhani aliona aibu, lakini aibu yake ilibaki kwake.

Kisha akaniomba jambo. Daftari la kituo lilikuwa na pengo toka siku uliyokabidhi hadi siku kipimo kiliporudishwa. Akataka nilijaze. Tuchukue namba za mashine, akasema, tugawanye kwa moja nukta nne, maana ndiyo ilikuwa ziada ya mwezi ule. Nikamwambia kosa halikuwa na kipimo kimoja, lilipanda udongo ukilowa na lilishuka jenereta ikizimwa, huwezi kuligawanya kwa namba moja. Basi tutumie namba za kopo la mzee wako, akasema. Hapo nilisita, nakiri, maana ungeingia daftarini tena. Lakini kopo lako lilikuwa uani, na msitu una mvua yake. Ulichokiona uani hukukiona msituni.

Nikamwambia, "Paache wazi."

Kwa hiyo, Baba, daftari la kituo lina kurasa nyeupe zenye tarehe na mistari, bila namba hata moja. Mgeni akifungua atauliza kulikuwa na nini hapo. Kwenye safu ya maelezo, siku ya kwanza ya pengo, niliandika kwa penseli ili ukungu usiyafute maneno: "Mpimaji aliondolewa. Vipimo vyake vilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la waya, na waya niliuunga mimi." Nikaweka jina langu lote, lile la mama yako likiwa mbele. Daktari alisoma, hakufuta.

Mvua za mwaka huu zimeanza. Anayepima ni Lekishon, nilimfundisha mimi, jicho sawa na maji. Juzi chupa ilisema 18.6 na mashine ikasema 18.4. Kijiko kimoja. Hivyo ndivyo mlivyotakiwa kutofautiana, wewe na mashine, tangu siku ya kwanza.

Sikuombi uniite tena lile jina. Nilikuwa na nafasi ya kukuomba hilo ukingali hai, nikangoja ukasirike. Nilichobaki nacho ni kusema mbele ya watu kile nilichopaswa kukisema mbele ya meza ile: ulifika kila siku, na ulipokosa kufika ulipaacha wazi.

Pumzika. Saa tatu inakaribia, na geti liko wazi.

Ni mimi binti yako,
uliyeniita Mama, kisha fundi.